Meza ya Jumapili Machakos

Kila Jumapili, mara ibada ya asubuhi inapokwisha, magari ya watu wa Nairobi huanza kumiminika katika barabara ya Mombasa, na mengi kati yake hayana safari kubwa zaidi ya kwenda kula. Huipita Mlolongo, mwanzo wa ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, huviacha nyuma viwanda vya saruji vya Athi River, hupita karibu na jabali la Lukenya, na yafikapo njia panda ya Kyumbi, penye wachuuzi wa matunda waliopanga bidhaa zao kando ya lami, hukata kushoto kuelekea mji wa Machakos, ulio kilomita 60 na ushei kutoka jiji kuu, chini ya vilima vya Iveti.

Wanakokwenda ni katika zile nyumba za maakuli na vinywaji zilizojengwa nje ya mji, ambazo wengine huziita kilabu, wengine huziita baa ya shamba, na walio wengi husema tu, twende kule kwa nyama. Hakuna mbili zilizo sawa, lakini umbo lao lafahamika: uwanja wa magari uliomwagiwa kokoto, bustani yenye migunga iliyoachwa isimame pale pale ilipoota, vibanda vya duara vilivyoezekwa kwa nyasi, pembea za watoto, bucha yenye dirisha la kioo karibu na lango, na nyuma yake jiko la mkaa ambalo moshi wake humlaki mgeni kabla hajafunga mlango wa gari. Small World ya Athi River ni miongoni mwa zilizovuma tangu zamani. Maanzoni, iliyo uwandani kando ya barabara kuu, ni hoteli kubwa yenye kila anasa. Na mjini Machakos kwenyewe wako wanaoridhika na Garden Hotel. Lakini zile ambazo kwa maoni yangu zinastahili safari kuliko zote ni ndogo zisizo na sifa nje ya tarafa yao, ambako mwenye nyumba huzunguka mwenyewe baina ya meza akiuliza hali za wageni, na ambako mbuzi anayeliwa saa nane alinunuliwa katika mnada wa jirani siku chache zilizopita.

Machakos haikujifunza jana kulisha wapita njia. Kabla Nairobi haijawa hata kambi ya reli, nchi hii ya Wakamba ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Mombasa kwenda bara, na wapagazi wa pwani waliokwisha kulivuka jangwa la Taru na nyika ya Tsavo walihesabu siku za kufika Ukambani, ambako palipatikana nafaka, kunde, mbuzi, asali na maji baridi. Wakamba wenyewe walikuwa mabingwa wa biashara ya masafa marefu, wakiteremsha pembe za ndovu hadi pwani tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19, kwa hiyo adabu za kumpokea msafiri na hesabu za kumuuzia chakula walizijua zote mbili. Kampuni ya Imperial British East Africa ilipotafuta mahali pa kujenga ngome na ghala mwishoni mwa miaka ya 1880, ilichagua hapa, karibu na makao ya mzee mashuhuri Masaku, ambaye mji unaitwa kwa jina lake hata leo; na tangu mwaka 1892 John Ainsworth alikaa hapa akiitawala nchi yote ya kandokando. Kisha ikaja reli, ambayo wahandisi waliipitisha mbali, kwenye uwanda tambarare. Ikafika Nairobi mwaka 1899, na afisi za serikali zikahama kuifuata. Hivyo Machakos ikakosa kuwa jiji, na katika kukosa huko ikabakiwa na vilima, hewa na nafasi ambavyo leo watu wa jiji huvifuata kwa magari.

Upande wa Uingereza, ambako desturi ya namna hii ni ya kale, baa ya kijijini aghalabu husimama hatua chache kutoka kanisani, na familia hutoka kwenye ibada kwenda kula nyama ya ng'ombe iliyookwa, pamoja na viazi na mboga, chini ya dari la boriti nyeusi; na sheria za huko zilikuwa kali kiasi kwamba hadi mwaka 1995 baa hizo zililazimika kufunga milango kwa saa kadhaa Jumapili alasiri. Walowezi waliokuja Kenya walikuja na mazoea hayo. Norfolk Hotel ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1904, na mashamba ya uwandani karibu na Machakos yakawa kama hoteli zisizo na kibao, kila mwenye shamba akimkaribisha Mzungu mwenziwe aliyepita. Theodore Roosevelt, aliyetoka madarakani Marekani mwezi Machi 1909, aliteremka treni mwezi uliofuata katika stesheni ya Kapiti, akawa mgeni wa Sir Alfred Pease katika shamba la Kitanga, akiwinda asubuhi na kustarehe katika baraza za wenyeji wake jioni. Mwafrika aliingia katika nyumba hizo kwa mlango wa jikoni, naye alipika, akatandika meza, akasimama nyuma ya kiti. Hilo halifai kusahauliwa na mtu aketiye leo chini ya mgunga akiagiza apendavyo, kwa maana haki ya kuketi pale ilipatikana kwa jasho. Wanyama wale waliowindwa nao wamebadilikiwa na majaliwa yao: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na pundamilia na swara waonekanao kandokando ya barabara hii ni wa kutazamwa tu, si wa sahani.

Nyama ya mifugo ina hadithi kubwa zaidi, na mwaka wake ni 1938. Serikali ya kikoloni, ikiona jinsi udongo wa Ukambani ulivyokuwa ukichukuliwa na mvua, iliwalaumu ng'ombe badala ya kujiuliza ni nani aliyewabana Wakamba katika eneo dogo kwa kuwapa walowezi malisho yao. Ikaamuru mifugo ipunguzwe, na maafisa wake wakaingia vijijini kuwakamata ng'ombe na kuwauza kwa bei ya kutupa. Wakati huo huo kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama pale Athi River, kiwanda kilichohitaji ng'ombe wengi wa bei rahisi. Watu waliona mambo mawili hayo na hawakuhitaji kuelezwa. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, wanaume, wanawake na watoto waliondoka vijijini mwao, wengi kwa miguu, wakaenda Nairobi na kupiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa, wakisema kwamba hawatarudi mpaka Gavana awasikilize. Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, alikwenda Machakos kusema nao. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa kifungoni Lamu. Lakini amri ya kuuza ng'ombe kwa nguvu iliondolewa. Barabara moja ya katikati ya Nairobi inaitwa kwa jina lake, na sidhani kwamba wengi wapitao hapo wanajua kuwa ni jina la mtu aliyetetea ng'ombe wa Machakos.

Yaliyofuata ni ya kutia moyo zaidi. Kile kiwanda cha Athi River kikaja kuwa cha Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1950, na hata leo kiko pale. Wakamba nao, wakiwa na mifugo yao na hiari yao, walichimba matuta katika miteremko ya vilima kwa mikono, vyama vya wanawake vikiwa mbele, hata watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, wakatoa kitabu mwaka 1994 kuonyesha kwamba ardhi ya Machakos ilikuwa ikitunzwa vizuri zaidi kuliko katika miaka ya 1930, ingawa watu wake walikuwa wamezidi mara tano. Matuta hayo ndiyo mistari mizuri ambayo mgeni huiona kutoka mezani pake anapoinua macho kuelekea Iveti.

Sasa tuingie ndani. Mgeni asiyezoea hukosea kwa kwenda moja kwa moja mezani na kungoja aletewe orodha ya vyakula, hali wenyeji huanzia buchani. Pale dirishani wametundikwa mbuzi wazima na nusu, na mwenye bucha, katika koti jeupe, humgeuzia mteja kila kipande akitazame: paja, mkono, mbavu, kidari. Mazungumzo yake ni mafupi yenye taadhima. "Mzee, shikamoo. Leo nikukatie mbavu au paja?" "Marahaba, kijana wangu. Kata paja, na uongeze mbavu kidogo kwa ajili ya mama." Nyama hupimwa kwa kilo mbele ya macho ya mnunuzi, huandikiwa karatasi yenye nambari, nayo huenda jikoni na nambari hiyo, ili paja ulilolichagua ndilo utakalolila. Mteja huulizwa pia kama ataka ya kuchoma, ya kukaanga au ya kuchemsha. Na Mwislamu anayetaka kujua nani aliyechinja huuliza bila haya, kwa kuwa ni swali la kila siku, na aghalabu hujibiwa kwamba mchinjaji ni mwenzake.

Mchomaji mwenye ujuzi haogopi kuonekana mvivu. Huuacha mkaa uwake mpaka miali iishe na majivu yafunike makaa, ndipo hulaza paja zima juu ya wavu, mbali na kitovu cha moto, na kuliacha. Mafuta yakidondoka na ulimi wa moto ukaruka, huuzima kwa kunyunyiza maji ya chumvi kwa mkono, na maji hayo hayo huwa ndiyo kiungo. Hakuna kitu kingine kinachopakwa, wala haistahili. Hugeuza mara chache, akibonyeza kwa kidole karibu na mfupa ili asikie ulaini ulipofika, na kazi hiyo huchukua muda wa saa nzima, pengine na zaidi kama mnyama alikuwa mpanda vilima. Iwapo mteja amekuja na njaa kali, huletewa kikombe cha supu ya mifupa yenye ndimu na pilipili. Hatimaye nyama huja juu ya ubao mpana wa mti, na mhudumu, baada ya kuwanawisha watu wote mikono kwa birika na beseni, akianzia kwa mkubwa wao, hushika kisu kirefu na kukata mbele yao, vipande vya kiasi cha tonge, akiacha mifupa upande mmoja kwa wapendao kuguguna. Penye pembe ya ubao humwagwa fungu dogo la chumvi. Ugali huja mzima kama mlima, na kachumbari ya nyanya, vitunguu, dhania na pilipili mbichi huja katika bakuli. Vijiko havitafutwi.

Ile saa moja ya kungoja ndiyo wageni wengi wa jiji huilalamikia, nami nasema kwa yakini kuwa ndiyo sababu kubwa ya kuja. Katika jiji watu wa nyumba moja hula kwa zamu, kila mmoja kwa wakati wake na mbele ya kioo chake cha simu. Lakini mezani hapa hapana cha kufanya isipokuwa kuzungumza, na baada ya robo saa ya kwanza, ambayo huenda kwa habari za barabara na bei za petroli, baba husikika akimsimulia mwanawe mambo ya ujana wake, na shangazi aliyenyamaza mwaka mzima hupata nafasi ya kueleza ugomvi wa shamba. Wakamba walikuwa na mahali maalumu pa jambo hili tangu kale. Nje ya lango la kila boma palikuwa na thome, baraza ya wanaume penye moto na viti vya miguu mitatu, ambapo mgeni alipokewa, kesi ziliamuliwa, vijana walifunzwa wakinyamaza, na nyama iligawanywa kwa utaratibu ambao kila mtu aliujua. Tofauti ya leo ni kwamba wanawake na watoto wameketi katika duara ileile na kula kutoka ubao uleule, na katika hilo thome mpya ina fadhila kuliko ile ya kwanza.

Nina lawama moja, nami naitoa kwa mapenzi. Nyumba nyingi za namna hii humpa mgeni chipsi na soseji kwa upesi, lakini muthokoi husemekana haupo, au uagizwe tangu jana. Muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa kinuni kwa maji kidogo hata ganda likatoka, yakapepetwa, yakakaushwa, kisha yakachemshwa kwa saa kadhaa pamoja na maharagwe au mbaazi, na mwishowe yakakaangwa kwa kitunguu. Hukaa tumboni vizuri, hupatana na nyama ya mbuzi kuliko chakula chochote ninachokijua, na ni chakula cha nchi hii hasa, nchi iliyo na kituo cha utafiti cha Katumani, ambacho mahindi yake yakomaayo mapema yamewafaa wakulima wa sehemu kavu. Mtu asafiri mwendo wa saa nzima na zaidi kuja Ukambani, kisha ale viazi vilivyokaangwa kama vya mtaani kwake? Pale panapopikwa muthokoi kila Jumapili, na mahali kama hapo pako, wageni waulize na wasifu kwa sauti, ili mwenye nyumba asikie.

Katika habari ya vinywaji yako mambo ambayo ni wajibu kuyasema wazi. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 iliweka kwamba baa yenye leseni ya kawaida isiuze kileo kabla ya saa nane mchana katika siku za mwisho wa wiki na sikukuu, wala baada ya saa tano usiku, kwa hiyo anayeketi saa saba ataanza na soda, chai au maji ya matunda, na si hasara. Machakos tena ni nchi ya wacha Mungu: Africa Inland Mission ilianza kazi yake Nzaui, katika Ukambani, mwaka 1895, na kanisa lililotokana nayo hukataza pombe kabisa, hata familia nyingi zinazojaza bustani hizi Jumapili hazigusi chupa. Wazee wa kale nao, ingawa walikunywa uki wao wa asali au wa miwa, uliochachushwa kwa tunda la muatini, hawakuwaruhusu vijana kuuonja. Naye mwenye kushika usukani afuate kanuni ya vijana hao, kwa sababu barabara ya Mombasa ina malori usiku na mchana, na msiba mmoja huzima Jumapili zote za nyumba.

Muziki ungetosha makala yake peke yake. Hii ndiyo nchi ya Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, ambao magita yao yalichezwa katika kila mji wa Kenya kabla Kakai hajafariki mwaka 1987, na katika bustani zilizo nzuri bado utasikia mtindo huo ukipigwa na watu watatu au wanne bila makelele. Lakini ziko nyumba ambazo zimeweka vipaza sauti vikubwa kama makabati, vinavyonguruma tangu saa sita hata watu wa meza moja wakalazimika kupigiana kelele masikioni. Huko ni kuharibu kile hasa ambacho mgeni amekifuata, na mwenye kupenda mazungumzo atafute meza ya mbali au aondoke.

Wenye watoto wasiotulia huwapeleka, wakati paja likiwa motoni, kwenye People's Park, bustani kubwa iliyofunguliwa na serikali ya kaunti. Au hupanda hadi kilima cha Kituluni, ambako gari lililoachwa bila breki huonekana kupanda mlima lenyewe na maji huonekana kutiririka kwenda juu. Ni miteremko ya pande zote inayolighilibu jicho, lakini watoto hawataki kuelezwa hivyo mara ya kwanza.

Ifikapo saa kumi na moja magari ya Nairobi huanza kutoka moja moja, kwa kuwa kila mtu anajua jinsi foleni ya Athi River inavyokuwa Jumapili jioni. Wakati huo wenyeji wa Machakos ndio huingia: walimu, madereva wa matatu waliomaliza zamu, makarani wa kaunti, wakulima walioteremka kutoka Mua na Mutituni. Huketi meza zile zile, huagiza kilo moja kwa watu wanne bila kuharakishwa na mtu, na mpiga gita, ambaye mchana kutwa amepiga zile nyimbo zinazojulikana na kila mtu, sasa huulizwa nyimbo za kwao. Mgeni asiye na kazi ya Jumatatu asubuhi atafanya vyema kutafuta chumba mjini na kubaki, kwa sababu muziki bora wa siku hiyo huanza saa moja, na mkono wa mbuzi ambao mchomaji aliuweka kando tangu mchana haujakatwa bado.